Karamu ya Kukiaga Chakula

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe mara ya pili, maana siku ile ya mwisho niliposimama mbele yenu hapa Jinja, akina mama wawili wa kwaya waliniinua kutoka kwenye benchi, mmoja kila kwapa. Leo nimeinuka mwenyewe. Mmeona wenyewe, sina haja ya kuapa.

Kabla sijashukuru nina jambo la kutubu, na linawahusu nyote. Mnakumbuka niliwaambia kwamba upasuaji wangu umeahirishwa kwa sababu mashine ya hospitali imeharibika. Mkasimama mkaiombea mashine ile kwa nguvu. Mzee wa kanisa akakemea kila roho inayoharibu vyombo vya waganga, nami nikaitikia amina kuwashinda wote. Ndugu zangu, mashine ilikuwa nzima. Daktari alinirudisha nyumbani kwa sababu nilikula. Mungu amenisamehe, nanyi naomba mnisamehe.

Kwa wageni waliomo humu, naitwa Apolot. Mimi ni sajini wa magereza, mwaka wa ishirini na mbili huu ndani ya sare, ndiyo maana wengine wananiita Afande hata ndani ya nyumba ya Mungu. Wengi mmenijua nikiwa mnene, na mliupenda unene wangu. Sisi watu wa mashariki tuliopita vitani tunafurahi tukimwona mtu amejaa, tunajua kwake amani imerudi. Mlikuwa mkisema, "Afande amenawiri." Nami nilikuwa nikinawiri huku magoti yanakataa gwaride, sukari imepanda, na kidole cha mguu wa kushoto kina kidonda kilichokataa kupona tangu msimu wa mvua mpaka msimu wa mvua. Siku moja pale stendi mwendesha boda alinitazama kwa heshima yote akaniambia, "Afande, wewe ngoja pikipiki ingine. Hii yangu shokapu zimekufa." Nilicheka pamoja naye. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Daktari wa hospitali moja kule Mbale ndiye aliyenieleza ukweli bila sukari juu yake. Alisema kidonda kile kitauchukua mguu, na baada ya mguu kitanichukua mimi, nisipopunguza mwili. Dawa nilikuwa nimekunywa, mboga nilikuwa nimekula, kufunga na kuomba nilikuwa nimefunga, siku tatu kavu, halafu siku ya nne nikala chakula cha siku tano. Ikabaki njia ya kisu. Angelikata tumbo la chakula na kuliacha jembamba kama ndizi, ili nile kidogo na nitosheke. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kueleza. Nilifikiri nitalala mezani, nitaamka, na njaa itakuwa imetolewa na kutupwa pamoja na kipande cha tumbo.

Kumbe kuna matayarisho. Kwanza kuna wiki mbili za kunywa tu: uji mwepesi, maziwa, supu iliyochujwa. Ini langu lilikuwa limejaa mafuta na limelilalia tumbo, na lisiponywea daktari hana njia ya kupita. Pili kuna kukaa na Sista Zaina. Huyu ni mama wa Kinubi, mzaliwa wa Mbale, na kazi yake ni kuzungumza na wagonjwa kabla ya kisu na baada ya kisu. Nilikwenda kwake mara mbili tu, nikamwambia mimi askari, moyo wangu uko tayari, anipigie muhuri. Aliniambia muhuri anao, ila haoni haraka ya nini.

Basi nikaanza wiki zangu mbili hapa Jinja. Siku ya tisa akaja Mama Nambozo, kiongozi wetu wa kwaya, yuko pale anatazama chini. Mama, inua uso, kosa si lako. Mnajua desturi ya sisi watu wa kambi ya magereza: mtu akipata uhamisho haondoki hivi hivi, tunamchinjia mbuzi, tunatoa hotuba, tunaimba. Mama Nambozo akaniambia, "Afande, wewe unahama kwenye chakula kabisa. Utaondokaje bila kukiaga?" Hakujua habari ya wiki mbili, kwa sababu sikumwambia. Niliwaambia watu niko kwenye dawa. Niliona aibu mtu mzima kusema ananyonya uji kama mtoto.

Wakakiaga chakula kwa niaba yangu. Samaki wa Masese walikaangwa, mbuzi akachinjwa, matoke, posho, wali, malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwa akina Mama Nambozo, ndani ya mchuzi wa karanga. Hotuba zilitolewa. Mtu mmoja alilihutubia sinia la matoke, akalishukuru kwa utumishi wake kwangu, tukacheka mpaka machozi. Nami nilisema nitaonja. Nilionja hiki, nikaonja kile, nikaonja mpaka maua ya chini ya sahani yakaonekana, nikapakuliwa tena. Na kwa kuwa siku moja ilikuwa imeharibika, nikaona sina sababu ya kuzitunza tano zilizobaki.

Mbale walinipandisha kwenye mzani. Kilo nne zimeongezeka. Daktari hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema tutajaribu tena baada ya miezi mitatu, na nikirudi vile vile, nafasi yangu atampa mgonjwa mwingine, maana wanaongoja ni wengi na yeye ana mikono miwili. Nikatoka. Nje ya geti nikanunua chapati mbili zilizokunjwa na mayai, nikazunguka nyuma ya kibanda, nikazila nikiwa nimesimama na sare yangu mwilini, huku nalia. Halafu nikapanda gari la Jinja, na Jumapili nikawaletea habari ya mashine.

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimefika mlangoni pa kuumbuliwa.

Nilirudi kwa Sista Zaina, safari hii bila maneno ya askari. Akanipa daftari. Akasema kila nitakapokula bila njaa niandike nimekula nini, na kitu gani kilitangulia. Nikaandika kama ninavyoandika kitabu cha zamu: "Saa nne asubuhi, chapati mbili. Sababu: hakuna. Saa sita, mandazi. Hali shwari." Alisoma kurasa tatu akalifunga.

"Afande, hii ni ripoti ya mahabusu," akasema. "Mimi nakutafuta wewe, na humu sikuoni."

Akaniuliza nyumbani naweka chakula wapi. Nikamwambia jikoni, kama watu wote. Akangoja. Mama yule anajua kungoja kuliko mlinzi wa lindo. Mwishowe nikamwambia na chini ya kitanda pia. Nina gunia la unga, nina makopo, biskuti, na mfuko wa viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, vile tunavyoviita amukeke kwetu Teso. Wanangu wamekua wakijua kwamba chini ya kitanda cha mama hapafagiliwi.

"Nani anakuja kukichukua?" akaniuliza.

Swali dogo tu. Nilitaka kujibu kwamba hakuna mtu. Badala yake niligeuka kuutazama mlango kama anayengoja mtu aingie, mimi ninayefungua na kufunga milango ya watu waliohukumiwa. Sista akasema daktari akinikata leo, nitaamka nikiwa na tumbo la mtoto na hofu ile ile ya zamani, na hofu itatafuta njia ya kula. Akasema yeye si mtu wa kumalizia jambo hili. Aliniuliza hofu hiyo ilipoanza, nani mwingine alikuwepo. Nikasema mama yangu. Akasema basi nenda kwa mama yako.

Sasa niwaeleze. Nilikuwa na miaka tisa, ng'ombe wetu wote walikuwa wameshachukuliwa, na baba alikuwa hajulikani alipo. Vita vilipotufikia tulikimbilia kwenye vichaka vya kando ya kinamasi, mama, mimi na mdogo wangu Okiror, wa miaka minne. Ghala letu lilichomwa. Tulikula majani, tulikula tunda bila kuuliza jina lake. Okiror akashikwa na homa. Siku hiyo mama alikuwa amebakiwa na kiganja kimoja cha amukeke. Akazichemsha kwenye kopo, akazimimina kwenye bakuli la bati, akaniambia, "Kula na ndugu yako," akaenda kutafuta maji.

Nikala kipande kimoja. Nikala kingine. Okiror alikuwa amelala ubavuni kwangu, macho nusu. Nilikula haraka, bila kumtazama, mpaka nikanywa na maji ya kuchemshia. Mama aliporudi alilitazama bakuli, akalifuta kwa nyasi. Siku mbili baadaye Okiror akafa, tukamzika pale pale, tukaondoka kwa miguu mpaka Mbale.

Nimelibeba hilo tangu nikiwa na miaka tisa. Sikumwambia mume wangu, Mungu amrehemu. Sikumwambia mchungaji. Niliokoka, nikabatizwa, nikatoa ushuhuda mara nyingi juu ya jinsi Mungu alivyotutoa vitani, na kila mara niliruka bakuli. Kila sahani niliyokaa mbele yake nilikula kama mwizi, mkono mmoja unazungushia sahani. Hata nilipokuwa peke yangu.

Mama yangu anakaa Namakwekwe, pale Mbale, chumba kile kile alichokipanga tulipofika, na mpaka leo anasaga karanga kwa jiwe na kuuza barazani. Miaka hiyo yote nilikuwa nikimtembelea Krismasi na Pasaka, nikimletea sukari na kitenge, nikikaa saa mbili na kuondoka. Kiswahili nyumbani kwake hakitaki. Walioingia boma letu na bunduki walituamrisha kwa Kiswahili, basi mimi naitumikia serikali kwa lugha hii, namwomba Mungu kwa lugha hii, lakini kizingitini kwa mama naivua pamoja na viatu. Kwa hiyo maneno nitakayowaambia sasa yalisemwa kwa Kiteso.

Nilifika nikamwambia nimekuja kukaa kwake wiki zangu mbili za kunywa, kwa sababu Jinja kila mtu ananipenda na kila anayenipenda ananipakulia. Akakubali. Kisha nikapiga magoti. Magoti yale mabovu! Nilipiga, nikajua kwamba kuinuka ni kazi ya Mungu. Nikamwambia, "Mama, siku ile kwenye kinamasi, sehemu ya Okiror niliila mimi."

Aliendelea kusaga. Jiwe lilienda, likarudi, likaenda. Halafu akapangusa mikono.

"Nani alikuambia kulikuwa na sehemu ya Okiror?"

Nikamwambia ni yeye. Yeye ndiye aliyesema kula na ndugu yako.

"Nilisema hivyo ili yeye asikie jina lake likitajwa kwenye chakula," mama akasema. "Okiror alikuwa hamezi tangu jana yake. Maji nikimtia yanatokea pembeni ya mdomo. Nilikuwa na chakula cha mtoto mmoja, nikakupa wewe. Sikwenda kutafuta maji, Apolot. Maji yalikuwepo. Nilikwenda ili nisikuone ukila."

Ndugu zangu, sikilizeni. Mama akaniambia kwamba miaka hii yote aliniona nikija na kuondoka haraka, nisimtazame usoni, akajua binti yake ameelewa kwamba mama alichagua. Alifikiri namhukumu. Mimi na yeye tulikuwa tumekaa kila mtu na hatia yake, kila mtu akidhani mwenzake ndiye hakimu. Nililia hata majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Mama akawaambia amekufa mtoto wangu wa mwisho, wakashangaa, wakatupa pole, wakakaa nasi kidogo kwenye mkeka. Tulimlilia Okiror siku ile kama watu wanavyopaswa kulia, maana kule kinamasini tulikatazwa kutoa sauti. Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Haleluya! Kisu kilikuwa bado, lakini aliyepelekwa kwenye kisu hakuwa tena mtu yule yule.

Msidhani baada ya hapo njaa iliona haya ikaondoka. Ilikaa. Siku ya tatu kichwa kiliniuma, nikamgombeza mama kwa sababu anakaanga karanga, na karanga ndizo zinazomlisha. Siku ya tano nilifika mpaka mlangoni pa duka la jirani, nikashika mkono wa mlango, nikasema kwa sauti, "Bwana, hakuna anayekuja kukichukua," nikageuka. Mwenye duka alifikiri nimechanganyikiwa. Siku ya tisa, siku yangu ya aibu, mama aliacha kupika kabisa. Akakaa nami, akanywa ile ile supu iliyochujwa, akasema haina chumvi na kwamba daktari wangu hakulelewa na mama. Usiku nililala. Siku ya kumi nikajua nitafika.

Kwenye mzani daktari alitazama, akatazama tena karatasi, akamwita Sista Zaina aone. Nilikuwa nimeshuka kilo saba. Sista hakunipongeza kwa mdomo. Alitoa muhuri wake mfukoni, akaupiga kwenye faili langu kwa kishindo, akaondoka zake.

Nilipasuliwa. Nitawaambia ukweli, maana nimemaliza na uongo: ilikuwa ngumu baadaye kuliko nilivyotarajia. Siku za kwanza vijiko viwili vya uji vilikuwa mlo. Siku moja nilimeza haraka kama zamani, kikarudi chote na maumivu ya kunikunja. Nilikaa kitandani nikakililia chakula kama rafiki aliyehama. Alikuwa rafiki, tuseme haki. Alinishika mkono nilipokuwa sina mtu. Lakini alitaka mguu wangu, na mimi mguu wangu nilikuwa na kazi nao. Kidonda kile kimefunga, ndugu zangu! Kimefunga chenyewe, na sukari imeshuka, na daktari ameniambia nisitoke mstarini hata siku moja, na vidonge vya nguvu nitameza maisha yangu yote. Nimekubali. Nimetumikia amri za watu miaka ishirini na mbili, hizi ni za uhai wangu.

Nilirudi Jinja nikavuta kila kitu kilichokuwa chini ya kitanda. Amukeke zilikuwa zimeliwa na wadudu, unga umeganda kama jiwe. Nilikuwa nikilinda vumbi. Nilimwaga, nikapafagia, nikaweka viatu pale.

Nanyi nina ombi kwenu. Nikija msibani kwenu au harusini, nikala vijiko vitano, msiniulize kama nawadharau. Msininyanyulie mwiko. Juzi kwenye matanga kule Mbale, upande wa viwandani, mama mmoja alinuna kabisa kwa sababu nilikataa sahani ya pili. Nilimshika mkono nikamwambia nimekuja kwa ajili ya marehemu, chakula ni kizuri, na kidogo nilichokula nimekila kwa moyo wote. Alielewa nusu. Nusu nyingine Mungu atamalizia.

Na wewe ndugu yangu uliyekaa humu, unayekula nyuma ya kibanda, au unayekunywa, au unayepiga watoto kwa sababu ya kitu kilichotokea kabla hawajazaliwa, nakusihi. Usikimbilie kisu tu, usikimbilie maombi ya mashine tu. Tafuta aliyekuwepo nawe siku ile, kama yu hai, ukamwambie. Kama hayupo, mwambie Bwana, yeye alikuwepo. Mtumaini. Mimi nilimwogopa miaka thelathini na zaidi nikidhani anashika bakuli langu mkononi kunionyesha. Nilipomwendea nikamkuta hana hesabu hiyo kabisa. Mkiniona baada ya ibada, niulizeni lolote, sina siri tena.

Nimalizie kwa hili. Wiki iliyopita nilikuwa Namakwekwe. Mama alipika atap, ugali wetu wa ulezi, na mboga ya karanga, akatupakulia kwenye bakuli moja, mimi na yeye, kama zamani kabla ya vita. Nikala tonge moja dogo, nikatafuna mpaka likaisha. Nikala la pili. La tatu nikalirudisha. Nikamsogezea bakuli, nikasema, "Mama, nimeshiba."

Mama alinitazama. Kisha akalivuta bakuli kwake, akala chote kilichobaki, polepole, nami nikakaa pale nikimwangalia akila.

Bwana apewe sifa zake. Amina.